Mtambo wa nyuklia haulipuki kama bomu la atomiki
Tangu Uyombo, kule Kilifi, itajwe kuwa eneo lililopendekezwa kujengwa mtambo wa umeme wa nyuklia, hofu moja imezagaa vijijini: siku ukiharibika, utalipuka kama bomu la Hiroshima. Hauwezi. Urani, madini yanayotoa nishati ya nyuklia, ikiwa ya bomu hurutubishwa, yaani huongezewa kiwango cha aina yake inayopasuka kwa urahisi, urani-235, hadi ifikie takriban asilimia 90. Ya mtambo wa kawaida huwa kati ya 3 na 5. Kwa kiwango hicho, mlipuko wa atomiki hautokei. Mtambo wa Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986, ulipasuliwa na mvuke. Kule Fukushima, Japani, mwaka 2011, iliyolipuka ilikuwa gesi ya haidrojeni. Madhara yalikuwa mazito kweli: mionzi ilisambaa, maelfu ya watu wakahamishwa.

Ndiyo maana mvuvi wa Mida, jirani na Uyombo, ana maswali ya maana zaidi. Maji ya kupozea yatarudi baharini yakiwa na joto kiasi gani? Taka zitawekwa wapi? Kukitokea ajali, watu watakimbia kwa barabara ipi? Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa haki ya kupata taarifa, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu ndani ya siku 21. Na ajibiwe barazani, kwa Kigiriama na Kiswahili, kabla ya uamuzi kupitishwa.