Mkojo wenye asidi haumaanishi damu ina asidi

Hapa Dar, Kariakoo hadi Mbagala, utamsikia mtu: kijiti cha kupima mkojo kimeonyesha pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) 5, basi damu yangu imejaa asidi. Anakimbilia kunywa magadi. Jamani, si kweli! pH ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, ya mkojo hupanda na kushuka, 4.5 hadi 8, maana figo zinatoa ziada ya asidi au alkali. Tena aliyetapika siku kadhaa, damu yake huelemea alkali huku mkojo ukiweza kuwa na asidi. Hapo kipimo cha maana ni kloridi (sehemu ya chumvi) iliyomo kwenye mkojo: ikiwa chini ya 20 mmol kwa lita, kwa kawaida dripu ya chumvi humsaidia. Ila kama unatumia dawa za kukojosha, mwambie daktari mapema, kwani huipandisha kloridi hiyo.