Kuogelea na uzito wa mwili: yanayosemwa ufuoni Shela na ukweli wake

Maji yakijaa asubuhi, ufuoni Shela, kisiwani Lamu, hutawakosa watu wazima waliosukumwa huko na daktari au na suruali zisizofunga tena. Ami yangu ni mmoja wao. Ana miaka 54, magoti yanamsumbua, na kwa miezi mitatu aliingia baharini siku tano kwa wiki bila mizani kusogea. Akaamua kwamba kuogelea hakupunguzi mwili. Jirani yake anaapa kwamba hakuna zoezi linalopunguza kama hilo. Basi kila jioni ni ubishi barazani, na mimi ndiye ninayeombwa niamue.

“Nusu saa majini ni nusu saa ya mazoezi”

Siku moja nilikaa mchangani na saa yangu nikamhesabia. Aliingia polepole mpaka kiunoni, akaamkiana na kila aliyemo, akauliza bei ya nguru, akapiga mikono kidogo, kisha akaelea chali akiitazama ndege inavyoshuka uwanja wa Manda. Alikaa majini dakika 35. Mikono yake ilifanya kazi dakika 9. Nilipomwambia, alininunia mpaka adhuhuri.

Mtu wa kilo 70 anayeogelea mfululizo kwa kasi ya wastani hutumia takriban kalori 200 kwa nusu saa, na akiogelea kwa nguvu hufika kama 350. Akitembea kwa mwendo wa kawaida muda huohuo, hutumia kama 120. Kwa hiyo jirani hakukosea kulisifu zoezi lenyewe. Lakini hizo 200 ni za anayeogelea. Anayeelea kwenye maji ya chumvi anabebwa, na hatumii zaidi sana ya aliyekaa kitako.

Mkondo nao hudanganya. Maji yakijaa huingia kutoka bahari kuu, yakapita Shela kuelekea Mui, yaani mji wa Lamu. Ukiogelea yanakoelekea, hasa siku za bamvua maji yanapojaa sana, utafika mbali ukajiona bingwa, kumbe nusu ya safari umesukumwa. Ndiyo maana napendelea kuhesabu dakika za kupiga mikono, masafa niyaache.

“Maji ya chumvi hunyonya mafuta mwilini”

Wanaosema hivi hukuonyesha vidole vilivyojikunja ngozi kama ushahidi. Mafuta hayatoki kupitia ngozi. Vidole hujikunja kwa sababu neva hubana mishipa midogo ya damu kwenye ncha zake, na kidole kilichokatika neva hakijikunji hata ukikiloweka kutwa.

Mbona basi mtu akijipima kabla na baada anajikuta amepungua? Ni maji tu. Ukizama mpaka shingoni, shinikizo la maji husukuma damu kutoka miguuni kwenda kifuani, mwili ukadhani damu imezidi, figo zikaongeza mkojo. Jasho nalo hutoka majini, ila hulioni. Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Hakuna anayeimaliza kwa asubuhi moja.

“Utafiti umethibitisha kuwa kuogelea hakupunguzi uzito”

Hapa ndipo ami alipopata silaha, maana kuna mtu alimtumia habari hiyo kwenye simu. Utafiti wenyewe upo. Mwaka 1987 daktari wa Marekani, Grant Gwinup, alichapisha matokeo ya wanawake wanene waliofanya mazoezi bila kupunguza chakula. Waliotembea walipungua kama asilimia 10 ya uzito, wa baiskeli asilimia 12, na waogeleaji hawakupungua. Habari hiyo imezunguka dunia tangu hapo.

Ambayo haikuzunguka ni ya mwaka 2010 kutoka Perth, Australia. Wanawake 116 wenye umri wa miaka 50 hadi 70, waliokuwa hawafanyi mazoezi, waligawanywa: wengine watembee, wengine waogelee, mara tatu kwa wiki. Baada ya mwaka, waogeleaji walikuwa wamewazidi watembeaji kwa kilo 1.1 za kupungua. Si nyingi, na mimi naona hapo ndipo penye ukweli: kuogelea hupunguza, lakini kidogokidogo kama mazoezi mengine.

Wa 1987 ilikuwaje basi? Jibu linalotajwa sana ni njaa. Mwaka 2005 watafiti huko Florida waliwapa wanaume baiskeli ya mazoezi ndani ya maji kwa dakika 45, mara maji ya nyuzi 20, mara ya nyuzi 33. Nguvu walizotumia zilikaribiana. Lakini baada ya maji baridi walikula asilimia 44 zaidi.

Ami alifurahi sana. “Unaona? Baridi ndiyo inayonipa njaa.”

“Baridi gani, ami?” Bahari yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 29, hata Kusi ikivuma. Ni kweli maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa, na ukikaa muda mrefu utatetemeka kidogo. Lakini hayo ya nyuzi 20 si maji ya Shela.

“Ukitoka majini lazima ule ushibe, mwili umechoka”

Nilimfuata mpaka mezani. Mahamri manne, mbaazi za nazi, chai ya maziwa vikombe viwili, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Sukari peke yake ni karibu kalori 100. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kama 120, na hamri hunywa mafuta karaini kabla hujalinywea chai. Tui sijalihesabu. Dakika 9 za kuogelea zilikuwa kalori 60 hivi.

Sikumwambia aache mbaazi, nisingeelewana na ammati, mkewe. Nilimwambia ahesabu dakika za mikono mpaka zifike 25, aogelee sambamba na ufuo, tena asiwe peke yake, apunguze sukari, na mahamri yawe mawili. Pia asitembee badala ya kuogelea eti kwa sababu ya Gwinup. Maji ya shingoni huubeba mwili kiasi kwamba miguu hubaki na kama sehemu moja ya kumi ya uzito, na kwa magoti yake hiyo si neema ndogo.

Ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Wiki ya nane alikuwa amepungua kilo moja na nusu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ammati asisikie:

“Na viazi karai vya alasiri, navyo vinahesabiwa?”