Magawa hakulipukiwa na bomu, jamani

Naandika hili kwa sababu sasa imetosha. Mmoja wa panya wetu wa kunusa mabomu akitajwa tu redioni, simu yangu inajaa pole: "Mwalimu, kumbe yule wa medali alilipuka?" Juzi mwenyekiti wa mtaa mmoja hapa Morogoro, mtu mwema kabisa, anayewaandalia watoto siku ya kuwaenzi wanyama mashujaa, alinitumia hotuba yake niipitie. Humo panya "alijitoa mhanga, akakanyaga bomu ili binadamu aishi." Nikaiweka simu kando, nikaenda kunywa chai.

Mzee mwenyekiti, shikamoo. Magawa alikufa kwa uzee, Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 8. Alizaliwa hapa Tanzania, akafunzwa na APOPO, shirika letu linalofunza panya kunusa, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwaka 2016 akapelekwa Siem Reap, Kambodia. Septemba 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, likampa medali yake ya dhahabu; kabla yake medali hiyo ilikuwa ya mbwa watupu. Alistaafu Juni 2021, amegundua mabomu ya ardhini na masalia mengine ya vita zaidi ya 100, na hakuna hata moja lililomlipukia. Alikuwa na kilo 1.2. Ndiyo maana anatumwa buku, yaani panya mkubwa kama yeye, na hatumwi mtu: uzito wake hautoshi kulifyatua bomu. Hilo nalipita haraka, maana nimelisema hadi mate yamekauka.

Kinachonikera hasa ni neno "ujasiri." Buku mwenye hofu hafanyi kazi, anajikunyata. Kwa hiyo tangu akiwa mchanga, macho ndiyo kwanza yamefunguka, tunambeba, tunamsikilizisha redio, tunampitisha karibu na pikipiki, tunampandisha gari, mpaka hakuna kinachomshtua. Baada ya hapo anajifunza kwamba mlio wa "kliki" maana yake kuna ndizi au karanga, kisha kwamba mlio huo unakuja akinusa TNT, kilipuzi kilichomo ndani ya bomu, na si kitu kingine. Akifika uwandani, kwake ule si uwanja wa vita, ni mahali pa kutafuta ndizi. Mnayemwita jasiri ni mnyama ambaye tumetumia miezi mingi kuhakikisha haogopi chochote.

Kwa hiyo hastahili heshima? Anastahili sana, ila kwa jambo ambalo hotuba hazilisemi: kunyamaza. Kifaa cha kutambua chuma kinapiga kelele kwa msumari, kwa kopo, kwa kizibo cha soda, na kila kelele mtu anapiga magoti na kuchimba taratibu kama vile ni bomu kweli. Buku hana habari na chuma. Anavishwa mkanda kifuani, anapita kwenye kamba kati ya wakufunzi wawili, pua chini, anavuka vizibo na misumari kama havipo. Akikwaruza ardhi, pale ndipo pa kuwekwa alama. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi anamaliza kwa dakika 30. Mwenye kifaa anaweza kuchukua hadi siku nne. Tofauti yote iko kwenye yale anayoyapita bila kuyajali. Nimewahi kuwa na panya hodari wa kukwaruza, anakwaruza kila mahali kwa tamaa ya ndizi, wageni wanampigia makofi. Huyo hafai. Na anayeruka bomu hata moja kwenye mtihani amefeli, hata awe mzuri vipi kwa mengine.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Uwandani panya akikwaruza, hatumpi ndizi hapo hapo, kwa sababu hakuna anayejua bado kama amesema kweli. Kwenye kifua kikuu, ambako panya wetu wengine wananusa makohozi kutoka kliniki, ni hivyo hivyo: anapata tuzo kwenye makohozi ambayo kliniki imeshayathibitisha. Sampuli ambayo kliniki iliikosa, yeye akaikamata, ile ambayo ndiyo sababu ya kuwa naye, halipwi kitu. Tunachanganya sampuli zinazojulikana ili asikate tamaa, na inafanya kazi. Lakini sipendi kujifanya kwamba jambo hilo limekaa sawa kabisa. Panya nao hawafanani. Kuna asubuhi mmoja anaweka pua na kuitoa, anaiweka tena, nami sijui anasita kwa harufu au kwa usingizi. Ndiyo maana kila anachokionyesha kinarudi kwenye hadubini kabla mgonjwa hajaambiwa lolote.

Na hapo, mzee, ndipo hotuba yako ingeanzia. Mabomu yako Kambodia. Kazi ya makohozi inafanyika hapa hapa, kwa wagonjwa wa Morogoro na Dar es Salaam: panya yuko ndani ya kisanduku cha kioo, matundu kumi sakafuni, akikuta ugonjwa anabakiza pua tunduni kwa sekunde tatu. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20. Hakuna mlipuko, basi hakuna mwandishi wa habari. Kuna watu mtaani kwako wanaomeza dawa leo kwa sababu ya pua hiyo, na bado wakimwona buku shambani wanawaza mboga.

Watoto walete, nitawapokea. Tikitimaji wanaruhusiwa kuleta, panya wanalipenda. Matarumbeta hapana. Na ratiba yako inasema mgeni rasmi anawasili saa tano. Buku ni mnyama wa usiku, kazi tunaianza alfajiri, na jua likitoka tunampaka mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Saa tano atakuwa amelala ndani ya chungu chake, na simwamshi kwa ajili ya picha. Mwambie mgeni rasmi aje saa kumi na mbili asubuhi.