Iqama (kibali cha ukaazi) hai haitoshi kukurudisha Saudia

“Iqama yangu bado ina miezi minane, nitarudi tu.” Wengi wetu Riyadh na Jeddah husema hivyo, na si kweli. Iqama inakuruhusu kukaa. Ukienda likizo unahitaji viza ya kutoka na kurudi, ambayo mfanyakazi wa nyumbani huombewa na mwajiri kupitia Absher, mfumo wa serikali wa mtandaoni.

Usitosheke na mwajiri kukwambia “tayari nimekufanyia.” Fungua Muqeem, tovuti ya kuangalia viza, weka namba ya iqama na taarifa nyingine moja, mfano namba ya pasipoti, kisha soma tarehe ya mwisho na, zaidi ya yote, aina ya viza. Ikiwa ni khuruj nihai (viza ya kutoka bila kurudi), unaondoka moja kwa moja, hata kama kadi ya iqama ina miezi kibao.