Je, wajua? Jiji la Marekani lililobaki bila shule hata moja ya kawaida ya serikali

Jiji lenyewe ni New Orleans, jimbo la Louisiana. Shule ya sekondari ya McDonogh 35 ilifunguliwa huko mwaka 1917 kwa ajili ya watoto weusi, wakati hapakuwa na sekondari nyingine ya umma iliyowapokea. Mwaka 2019 nayo ilikabidhiwa mwendeshaji mpya. Ndiyo iliyokuwa imebaki. Hapo shule zote za umma jijini zikawa shule za mkataba.

Shule ya mkataba si shule binafsi, na wengi huchanganya hapo. Mzazi halipi ada. Fedha ni za serikali na zinamfuata mtoto. Tofauti iko kwa anayeshika usukani. Shule ya kawaida huendeshwa na ofisi ya elimu chini ya bodi iliyochaguliwa kwa kura, na kwa kawaida mtoto husoma ya mtaani kwao. Shule ya mkataba hupewa mwendeshaji, aghalabu shirika lisilo la faida, kwa miaka maalumu. Yeye ndiye anayeajiri na kufukuza walimu, na anaweza hata kurefusha siku ya masomo. Matokeo yakiwa mabaya, mkataba hauongezwi: shule inafungwa au anapewa mwingine. Sheria ya kwanza ya namna hii ilipitishwa Minnesota mwaka 1991.

Ilikuwaje New Orleans ikaenda mbali kuliko wote? Shule zake zilikuwa hoi. Mwaka 2003 msichana aliyeongoza darasa lake la mwisho hakuweza kuhitimu, kwa sababu alifeli mara kadhaa mtihani wa hesabu wa jimbo. Kama wa kwanza alifeli, waliomfuata walifundishwa nini? Fedha nazo ziliibwa kiasi kwamba wapelelezi wa FBI walipewa ofisi ndani ya makao makuu ya elimu ya jiji.

Kisha, tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina. Kingo za kuzuia maji zilipasuka, karibu asilimia 80 ya jiji ikafurika, watu wakatawanyika. Novemba mwaka huohuo, wakazi wakiwa bado wamehifadhiwa miji ya mbali, bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoiwezesha serikali ya jimbo kuchukua zaidi ya shule 100 za jiji na kuanza kuzigawa kwa mikataba. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 walifutwa kazi, wengi wao walimu weusi. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Louisiana ikawakatalia. Kabla ya kimbunga, walimu weusi walikuwa asilimia 71. Kufikia 2014 walikuwa chini ya nusu. Kwangu mimi hili ndilo jeraha kubwa kuliko yote, kwa sababu lilifanywa wakati watu hawana hata paa.

Na bado matokeo yalipanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane walipima na kukuta alama zimepanda sana. Waliohitimu sekondari walitoka takriban asilimia 54 hadi zaidi ya 70. Anayepinga mfumo huu hana budi kulikubali hilo. Lakini watafiti haohao walikuta kwamba sehemu kubwa ya maendeleo ilitokana na kufunga shule dhaifu au kuzibadilishia waendeshaji. Hapo ndipo penye ugomvi, maana kinachopandisha alama ndicho kinachomwumiza mzazi. Shule aliyoizoea mwanawe inafungwa, anarudi kwenye foleni ya maombi, anaorodhesha shule nyingine, na pengine anapangiwa ya upande wa pili wa jiji. Mtoto anasimama kituoni gizani kusubiri basi, na basi hilo linapita mbele ya shule iliyo jirani na nyumba yao. Mwaka 2010 familia za watoto wenye ulemavu zilifungua kesi zikisema watoto wao wanakataliwa au hawapewi huduma wanazostahili. Mwaka 2015 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kuweka usimamizi huru.

Kuna jengo moja linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1960 Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka sita, aliingia shule ya William Frantz akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu, huku umati ukimzomea. Baadaye jengo hilo likawa la shule ya mkataba iitwayo Akili Academy. Ndiyo, akili hii yetu.

Shule za mkataba zilirudishwa chini ya bodi ya jiji mwaka 2018, ingawa waendeshaji walibaki na uhuru wao. Agosti 2024 bodi ilifungua tena shule ya kawaida, Leah Chase School, iliyopewa jina la mpishi mashuhuri wa jiji hilo. Walimu wake wanaajiriwa na bodi yenyewe, na mzazi mwenye malalamiko anajua mlango wa kugonga.