Kigugumizi hakianzishwi na woga

Wazazi wengi jijini Nairobi huamini kwamba mtoto hupata kigugumizi kwa woga au kwa kumwiga mwenzake. Imani hii inaeleweka, kwa kuwa hofu huweza kukizidisha. Lakini kukizidisha si kukianzisha.

Kwa kawaida kigugumizi huanza kati ya miaka 2 na 5, mara nyingi huwamo katika ukoo, na huhusiana na namna ubongo unavyopanga mwendo wa ulimi, midomo na pumzi huku ukiisikiliza sauti. Kazi hiyo huambatana na midundo ya umeme ya ubongo, ikiwemo ile ya takriban mara 13 hadi 30 kwa sekunde, ambayo hupungua nguvu kabla ya misuli kusogea; kwa wenye kigugumizi, watafiti wamepima tofauti katika midundo hiyo.

Msikilize kijana anayekwama kwenye “sh” anapomwambia konda “shukisha”, kisha umsikilize akiimba kwaya kanisani: mara nyingi maneno hutiririka, ingawa anatazamwa na umati. Woga peke yake hauwezi kueleza hilo. Mtoto anayeendelea kukwama kwa miezi kadhaa apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, na nyumbani angojwe amalize sentensi yake mwenyewe.