Je, wajua kwa nini aliyepandikizwa figo akipata korona huwa anaumwa zaidi?

Hili swali watu wengi wanalo ila wanaona aibu kuuliza. Mtu alikuwa anaenda kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kapata figo mpya, mkojo unatoka vizuri, kreatinini (taka ya damu inayopimwa kuona figo inavyochuja) imeshuka, uso umerudi, ukimuona barabarani huwezi kudhani aliwahi kulala kwenye ile mashine. Sasa kwa nini korona ikiingia mtaani yeye ndo anaambiwa ajifungie kuliko wote? Si keshapona?

Figo imepona kweli. Jibu lipo kwenye dawa anazomeza asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, ili hiyo figo isikataliwe na mwili.

Takwimu za mwanzo zilitisha sana. Machi 2020, New York ikiwa imezidiwa, madaktari wa hospitali ya Montefiore kule Bronx walifuatilia watu 36 waliopandikizwa figo ambao walikutwa na korona, na ndani ya wiki kama tatu 10 kati yao walikuwa wameshafariki. Kundi lenyewe dogo, na wengi wao walikuwa na presha na kisukari juu ya hiyo figo, na kipindi kile chanjo hakuna, tiba hakuna, kwa hiyo usichukue namba hiyo ukaibandika kwa mgonjwa wa leo. Lakini ilitosha kuwashtua madaktari wa figo dunia nzima, na nchi nyingi zilisimamisha upandikizaji kwa muda.

Sasa twende kwenye mwili wenyewe. Mwili wako unajua kitu chake na kitu cha mgeni. Figo ya kaka yako hata kama damu zinaendana bado ni ya mgeni, askari wa mwili wakiiona wanaishambulia vile vile wanavyoshambulia vijidudu, hawajui kwamba hii imeletwa kwa wema. Ndo maana upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, Boston, tarehe 23 Desemba 1954, ulikuwa wa mapacha wa kufanana kabisa, akina Herrick, Ronald akampa figo ndugu yake Richard. Mwili wa Richard haukuona tofauti, hakuhitaji dawa za kushusha kinga. Dokta Joseph Murray aliyeongoza upasuaji ule alikuja kupewa Nobel 1990.

Ila sisi wengine hatuna pacha wa hivyo. Kwa hiyo lazima askari wapunguzwe nguvu, na mara nyingi zinatumika dawa tatu kwa pamoja. Ya kwanza takrolimasi, ambayo ilipatikana kwenye bakteria wa udongoni huko Tsukuba, Japani, miaka ya 80. Hii inakata mawasiliano ndani ya seli T, yaani seli ambazo zinatakiwa kupiga kelele "kuna mgeni!" zinashindwa kuita wenzao. Ya pili maikofenoleti, hii inazuia seli za kinga zisizaliane. Seli zingine za mwili zina njia mbili za kupata malighafi ya kutengeneza vinasaba, za kinga zinategemea zaidi njia moja, na dawa inaifunga hiyo hiyo moja, kwa hiyo hata zile seli B zinazotengeneza kingamwili, yaani protini za kunasa vijidudu, zinabaki chache. Ya tatu predinisoloni, hii wengi mnaijua, inatuliza uvimbe na mcharuko wote kwa ujumla.

Sasa fikiria korona inaingia kwenye mwili huo. Hizi dawa hazichagui. Hazina namna ya kusema tulia kwa figo halafu pambana na virusi, zinatuliza kila kitu kwa pamoja. Virusi vinapata siku nyingi za kuzaliana kabla hajatokea wa kuvizuia, na kinga ikija kushtuka vimeshashuka kwenye mapafu.

Na kuna jambo moja ambalo naona familia nyingi haziambiwi vya kutosha: homa inaweza isionekane. Homa inaletwa na kinga yenyewe ikiwa inapigana, sasa kama kinga imetulizwa na mtu anameza predinisoloni, kipimajoto kinaweza kusoma kawaida huku mgonjwa anazidiwa. Katika wale 36 wa Bronx, waliokuwa na homa ni 21 tu. Wengine walianza na kuharisha. Kwa hiyo ndugu anayesubiri mpaka paji la uso liwe la moto ndo ampeleke hospitali anaweza kuchelewa, aangalie kuchoka kusiko kwa kawaida, pumzi kukata akitembea toka chumbani mpaka uani, kukosa hamu ya kula. Na kuharisha nako usikudharau, kwa sababu mgonjwa anapoharisha takrolimasi inaweza kupanda kwenye damu, na ikizidi inaumiza figo ile ile tunayoilinda, wakati huo huo maji ya mwili yanapungua na virusi navyo vinaweza kuidhuru. Figo inapigwa pande zote.

Hapo ndo linakuja lile wazo ambalo linaonekana la busara kumbe ni hatari: basi si aache dawa kwa wiki mbili kinga irudi apambane? Hapana jamani. Akiacha mwenyewe kimya kimya, askari wakiamka wanaanza na figo. Na predinisoloni ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeitumia kwa miaka, mwili unakuwa umeshazoea kutojitengenezea homoni yake ya kutosha, presha inaweza kuporomoka na mtu akapoteza maisha kwa hilo tu. Wanachofanya madaktari ni hesabu ya taratibu: mara nyingi maikofenoleti ndo inasimamishwa au kupunguzwa kwanza, takrolimasi wanaiangalia kwa vipimo vya damu, inapunguzwa kama hali imekuwa mbaya, predinisoloni inabaki au hata inaongezwa. Uamuzi huo ni wa daktari, haufanyiki nyumbani.

Kuna waliouliza swali zuri sana mwanzoni mwa janga. Korona ikifika hatua mbaya kinachoua wengi ni kinga kucharuka kupita kiasi na kuchoma mapafu, na kweli Juni 2020 utafiti wa Uingereza wa RECOVERY ulionyesha deksamethasoni, ambayo ni ndugu yake predinisoloni, inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia. Sasa hawa si tayari wanameza dawa za namna hiyo, kwa nini zisiwakinge? Jibu ni muda. Utafiti ule ule haukuona faida kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni. Siku za mwanzo mwili unahitaji kinga yake yote kuvizuia virusi, kutuliza kunasaidia baadaye. Aliyepandikizwa anaanza akiwa ameshatulizwa.

Tuje kwenye chanjo, maana hapa ndo palinisikitisha na kunipa moyo kwa pamoja. Chanjo inafanya kazi kwa kuifundisha kinga, na kinga iliyotulizwa inajifunza kwa shida. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, mwaka 2021 walipima watu waliopandikizwa viungo mbalimbali, baada ya dozi ya kwanza ya chanjo za mRNA (zile za Pfizer na Moderna) ni asilimia 17 tu walioonyesha kingamwili, baada ya ya pili ikafika asilimia 54. Mtu mwenye afya ya kawaida karibu wote wanaonyesha. Na waliokuwa wanameza maikofenoleti na dawa za kundi lake ndo waliitikia kidogo zaidi. Fikiria umechanja mara mbili, una cheti mkononi, unaanza kwenda harusini bila barakoa, kumbe mwilini hamna kitu.

Wafaransa hawakukata tamaa. Toulouse waliwapa dozi ya tatu watu 101 waliopandikizwa viungo, kabla ya hiyo dozi asilimia 40 walikuwa na kingamwili, wiki nne baadaye wakafika 68. Agosti 2021 Marekani nayo ikaruhusu ya tatu kwa wenye kinga dhaifu. Kwa hiyo ukimsikia mgonjwa wa figo anaambiwa aongeze dozi wakati wewe umeshamaliza, usimwambie wanamfanyia majaribio. Na chanjo hizi hazina virusi hai vya korona, hata ile ya Janssen iliyoanza kutolewa Tanzania Julai 2021 ina kibebeo, yaani virusi vingine vya kubeba somo la chanjo, ambacho hakiwezi kuzaliana. Zinazokatazwa kwa aliyepandikizwa ni zile za vijidudu hai, kwa mfano homa ya manjano.

Haya mambo yanatuhusu kwa karibu sasa. Zamani Mtanzania akihitaji figo safari ilikuwa India, lakini Muhimbili walianza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, kwa hiyo hawa watu tunaishi nao, tunasali nao, tunapanda nao daladala. Na kwa kuwa chanjo inaweza isimshike vizuri yeye, kuchanja wa nyumbani kwake kunamsaidia moja kwa moja, mwenye mafua asiende kumsalimia kwa kumkumbatia.

La mwisho ni dawa. Ipo tiba ya vidonge inaitwa Paxlovid, nzuri ikianzwa mapema, ila ndani yake kuna ritonavia ambayo inazuia kimeng'enya kile kile cha ini kinachovunjavunja takrolimasi. Ukizichanganya bila mpango, takrolimasi inapanda mara nyingi zaidi ya kawaida ndani ya siku chache, mikono inatetemeka, kichwa kinauma, figo inafeli. Mara nyingi madaktari wanaisimamisha takrolimasi siku zile tano za vidonge halafu wanairudisha taratibu huku wanapima damu. Balungi nalo wanakatazwa kwa sababu hiyo hiyo ya kimeng'enya, na mitishamba ya kunywa ambayo hujui ina nini ni hatari ya aina hiyo.

Kwa hiyo kama ni ndugu yako na kipimo kimesema ana korona, piga simu kliniki yake ya figo siku hiyo hiyo, wasomee majina ya dawa zote kutoka kwenye pakiti. Na wakisema aje kupimwa takrolimasi asubuhi, aje na kidonge chake mkononi bila kukimeza, damu itolewe kwanza ndo ameze, la sivyo kipimo kitasoma juu na daktari anaweza kupunguza dozi ambayo haikutakiwa kupunguzwa.